Matayarisho ya Safari ya Jangwani: Heinrich Barth na Michoro ya Miambani ya Fezzan, 1850

Katika historia ya uchunguzi wa Afrika jina la Heinrich Barth hutajwa aghalabu pamoja na Kano na Timbuktu, na mara chache sana pamoja na michoro ya miambani. Hata hivyo, mwanzoni mwa Julai 1850, kabla hajaikaribia miji hiyo, Mjerumani huyo alisimama mbele ya mwamba mmoja katika jangwa la Fezzan, kusini mwa nchi ambayo leo ni Libya, akainakili michoro aliyoikuta hapo na kuitolea maelezo ambayo yangali yanasomwa na wataalamu. Siku kumi hivi baadaye alitoka kwa miguu kwenda kutafuta michoro au maandishi mengine katika mlima ulio karibu na mji wa Ghat, na nusura afe kwa kiu. Makala haya yanazitazama safari hizo mbili fupi zilizomo ndani ya safari moja ndefu. Yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti baina yao haikuletwa na bahati peke yake. Ilitokana na namna kila moja ilivyotayarishwa, na hasa na nafasi waliyopewa, au waliyonyimwa, wenyeji pamoja na lugha zao katika matayarisho hayo.

Barth alizaliwa Hamburg tarehe 16 Februari 1821. Katika Chuo Kikuu cha Berlin alisomea mambo ya kale ya Wayunani na Warumi, na tasnifu yake ya mwaka 1844 ilihusu biashara ya mji wa Korintho. Baadaye alikwenda London kujifunza Kiarabu. Kati ya mwaka 1845 na 1847 aliizunguka pwani ya Mediterania upande wa Afrika na wa Asia, akitazama magofu na kuandika. Mwaka 1846, alipokuwa akielekea Misri, alivamiwa na wanyang'anyi, akajeruhiwa na kupoteza mizigo yake pamoja na maandishi. Mtu aliyekwisha kupatwa na mambo hayo alijua vema maana ya kuvuka nchi ya watu bila ya ulinzi wao.

Lakini jambo lililomvuta kuelekea bara, kwa kadiri alivyolieleza mwenyewe katika dibaji ya kitabu chake, halikuwa gofu wala ramani. Lilikuwa neno la mtu. Huko Kef, katika nchi ya Tunis, alizungumza na mtumwa mmoja Mhausa. Mtu yule, alipoona jinsi mgeni alivyotamani kujua habari za nchi yake, alimwambia kwamba Mungu akipenda atafika Kano. Barth aliandika kuwa maneno hayo hayakumtoka masikioni. Ni jambo la kutafakariwa kwamba mtu aliyevushwa jangwa kwa nguvu ndiye aliyemtia hamu ya kulivuka msomi atakayefanya hivyo kwa hiari yake.

Nafasi ilipatikana mwaka 1849. Serikali ya Uingereza ilikuwa imemteua James Richardson, mpinzani wa biashara ya watumwa aliyekwisha kufika Ghadames, Ghat na Murzuk mwaka 1845 na 1846, aongoze ujumbe wa kwenda Afrika ya kati kupitia Sahara. Carl Ritter, mwanajiografia mashuhuri wa Berlin, alimpendekeza Barth ajiunge na ujumbe huo, kwa sharti kwamba achangie pauni 200 kwa gharama zake mwenyewe za safari. Mwenzake alikuwa Adolf Overweg, mtaalamu wa mambo ya miamba na udongo. Shehena yao ilikuwa na vyombo vya kupimia, silaha, zawadi za kuwapa wakubwa wa njiani, na mashua nzima iliyokatwa vipande ili ibebwe na ngamia mpaka Ziwa Chad. Mashua hiyo ilifika kweli, na mwaka 1851 Overweg aliisafiria ziwani. Pamoja na hayo, ni vigumu kuifikiria kafila ikipanda na kushuka vilima vya mawe, mwezi baada ya mwezi, na mbao za mashua migongoni mwa ngamia, bila ya kujiuliza wenye ngamia walikuwa wakisema nini wao kwa wao jioni.

Barth na Overweg waliwasili Tripoli Januari 1850. Kwa kuwa Richardson alikuwa bado hajawa tayari, hawakukaa bure wakimngoja. Februari walizunguka katika milima ya Gharian na sehemu za jirani. Ziara hiyo yafaa ihesabiwe kuwa jaribio la safari yenyewe. Ndani yake Barth aliizoea miguu yake, aliwazoea ngamia na watu wao, na akaendelea kuyasikiliza matamshi ya Kiarabu cha nchi ile, ambacho si kile kilichofundishwa London. Mwishoni mwa Machi msafara uliondoka Tripoli, ukaupanda uwanda mkavu wa mawe uitwao Hammada, na tarehe 6 Mei ukaingia Murzuk, uliokuwa wakati huo mji mkuu wa Fezzan. Njiani Barth alipima na kuchora makaburi ya fahari yaliyoachwa na Warumi. Wajerumani wawili na Mwingereza hawakupatana sana. Mara kwa mara walipiga mahema yao mbalimbali. Jambo hili halihitaji kurefushwa, ila lakumbusha kwamba mtu aweza kuwa na wenzake na bado asiwe na mtu wa kumshauri.

Huko Murzuk ilibidi wangoje zaidi ya mwezi. Mbele yao palikuwa na nchi ya Watuareg, na hakuna mgeni aliyeweza kuipita bila ya kuwa na mdhamini. Mdhamini aliyetarajiwa alikuwa Hatita, mkubwa mmoja wa Watuareg wa upande wa Ghat, ambaye tangu zamani alijulikana kuwa rafiki wa wasafiri wa Kiingereza. Katika vitabu vingi vya Kizungu kungoja kwa namna hii huhesabiwa kuwa hasara, na walioko upande wa pili huitwa wachelewaji au wenye tamaa. Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezisoma habari za misafara ya Bagamoyo na Mombasa, atalitambua jambo hili kwa sura nyingine. Kungoja ndiko kulikokuwa matayarisho yenyewe. Hongo, kiapo, na uchaguzi wa kirongozi ni sehemu za safari sawasawa na maji.

Baada ya kuondoka Murzuk katikati ya Juni, Barth aliacha kwa muda njia ya msafara, akaenda kuyatazama magofu ya Jarma, mji wa kale wa Wagaramante. Watu hao walitajwa na Herodotus katika karne ya tano kabla ya Kristo. Alisema kuwa walikuwa na magari ya farasi wanne, na kwamba ng'ombe wao walikula majani wakirudi kinyumenyume, kwa sababu pembe zao zilikuwa zimeinamia mbele. Mwaka 19 kabla ya Kristo jemadari Cornelius Balbus alishangiliwa Rumi kwa kuwashinda. Wagaramante wenyewe hawakumalizwa na ushindi huo. Uchunguzi wa karne ya ishirini, ulioanzishwa upya na Charles Daniels mwaka 1958 na kuendelezwa na David Mattingly kuanzia 1997, umebainisha kwamba walikuwa na miji, mashamba, na mifereji iliyochimbwa chini ya ardhi ili kuyaleta maji kutoka chini ya genge mpaka bondeni. Barth hakuyajua hayo yote. Aliliona kaburi la mawe lililojengwa kwa mtindo wa Kirumi, akalihesabu kuwa ukumbusho wa kusini kabisa wa nguvu za Rumi. Macho ya mwanafunzi wa Korintho yalitua kwanza juu ya kile yalichokizoea.

Tabia hii ya macho yake ilionekana waziwazi zaidi katika bonde la Telizaghen. Mahema yalipokuwa yamekwisha kusimikwa, Barth alifahamu kwamba katika bonde hilo mna michoro iliyochongwa mwambani. Palikuwa na maji na kivuli, msafara ulikuwa umetulia, na alikuwa na wasaa wa kukaa na kunakili. Mchoro mmoja ulimwonyesha mtu mrefu mwenye kichwa cha mnyama wa pembe, na mbele yake mwingine ambaye kichwa chake kilimkumbusha ndege wa miungu ya Misri. Baina yao alisimama ng'ombe. Mchoro mwingine ulikuwa wa kundi zima la ng'ombe, wamesongamana katika mikao mbalimbali, kana kwamba wanakwenda mahali pamoja kunywa maji.

Hapo Barth aliandika mambo mawili. La kwanza lilikuwa kosa. Alidhani kwamba kazi nzuri kama ile haikuweza kufanywa na mtu wa nchi ile asiyepata kuchanganyika na watu wa pwani walioendelea zaidi, pengine Wakarthago. Elimu yake ya mambo ya kale, iliyomfikisha mbele ya mwamba, ndiyo iliyomzuia asimwone mchoraji. La pili ni la thamani kubwa. Aliona kwamba ng'ombe wamejaa mwambani na ngamia hayumo. Kutokana na upungufu huo akahitimisha kwamba michoro ilifanywa kabla ya ngamia kuingia katika nchi hiyo, wakati ambapo ng'ombe ndiye aliyekuwa mnyama wa kazi na wa mizigo, na kwa hiyo nchi yenyewe haikuwa kavu namna ile. Kukitumia kisichochorwa kuwa ushahidi si jambo rahisi. Mtu asiyeishi na ngamia kutwa kucha, asiyemsikia akitajwa kila saa na wenye msafara, huenda asingalifahamu kwamba hayupo.

Elimu ya baadaye imemkosoa katika la kwanza na kumthibitisha katika la pili. Wataalamu wa leo huigawa michoro ya Sahara katika nyakati zinazofuatana: wakati wa wanyama wa mwituni, wakati wa wachungaji wa ng'ombe, wakati wa farasi, na mwisho wakati wa ngamia. Mwitaliani Fabrizio Mori, aliyeanza kazi katika milima ya Acacus mwaka 1955, aligundua katika pango la Uan Muhuggiag maiti ya mtoto iliyohifadhiwa kwa uangalifu miaka zaidi ya elfu tano iliyopita. Mwaka 2012 yalitangazwa matokeo ya kuvichunguza vigae vya vyungu kutoka Takarkori, katika milima hiyohiyo. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya mafuta ya maziwa ya milenia ya tano kabla ya Kristo. Watu wa Sahara, basi, walikuwa wakikamua na kuchunga maelfu ya miaka kabla Karthago haijajengwa, na hawakuwa na haja ya mwalimu kutoka pwani wa kuwafundisha namna ng'ombe anavyosimama.

Tarehe 15 Julai msafara ulikuwa umelikaribia bonde la Ghat. Upande mmoja ulisimama mlima Idinen, wenye vilele mfano wa minara. Kwa Kiarabu waliuita Kasri la Majini. Jina hili halihitaji mkalimani kwa mtu wa Mombasa au Lamu, kwa kuwa kasri na jini yote mawili yamo katika Kiswahili. Barth naye alilielewa neno kwa neno, lakini alilitafsiri kwa njia yake. Alifikiri kwamba mahali panapoogopwa hivyo lazima pawe palikuwa mahali pa ibada zamani, na kwamba huenda michoro au maandishi yangaliko juu. Hatita na watu wake walikataa kumpeleka. Basi akaondoka asubuhi bila ya kirongozi, kwa miguu, amechukua kiriba kidogo cha maji, biskuti kavu na tende. Overweg alikwenda kwa njia yake.

Yaliyomo katika mzigo huo mdogo yanastahili kuangaliwa. Tende na biskuti ni chakula chepesi kubeba, na ni kibaya kuliko vyote pale maji yanapokuwa haba. Barth mwenyewe alilikiri hilo alipokuwa amekwisha kuchelewa. Umbali nao ulimdanganya, maana katika hewa kavu ya jangwa mlima ulio mbali huonekana kana kwamba waweza kuguswa. Aliufikia amechoka, akapanda mpaka kwenye ukingo mwembamba wa juu, wala hakuyapata maandishi aliyoyatafuta. Alipoteremka maji yalikwisha, na njia ya kurudi hakuijua. Usiku aliona moto kwa mbali bondeni, akafyatua bastola yake mara mbili, wala hakujibiwa. Kulipopambazuka alijikokota chini ya mti usio na majani, akawa anakifuata kivuli chembamba cha shina kadiri jua lilivyosogea, na kiu ilipozidi alijiuma akanywa damu yake mwenyewe. Mchana wa tarehe 16 alisikia sauti ya ngamia. Alikuwa Mtuareg aliyeziona nyayo zake mchangani na kuzifuata. Mtu huyo alimmwagia maji kichwani, akamnywesha, akampandisha juu ya ngamia na kumrudisha kwa wenzake. Siku kadhaa zilipita kabla Barth hajaweza kula na kusema sawasawa.

Waandishi wa habari zake hulisimulia tukio hili kuwa ushahidi wa uvumilivu. Laweza pia kusomwa kwa namna nyingine. Kukataa kwa Hatita kulikuwa habari. Mtu aliyeizaliwa nchi aliposema kwamba mlima ule una majini, alikuwa akisema, kwa lugha ya nchi, kwamba hapo hapaendewi ovyo. Barth alilichukua lile neno la majini akaligeuza dalili ya hekalu, na lile la kutokwenda akaliacha. Haidhuru kama Watuareg waliamini kwamba majini wapo au hawapo. Onyo lilikuwa sahihi. Nyayo zilizomwokoa nazo zilikuwa maandishi ya jangwani ambayo yeye hakuweza kuyasoma, na aliyeyasoma ni yule aliyelelewa kwayo.

Baada ya Idinen safari ya Barth ilibadilika. Richardson alifariki Machi 1851 na Overweg Septemba 1852, naye akabaki peke yake kwa maana ya kwamba hakuwa na Mzungu mwingine. Peke yake hasa hakuwa kamwe. Alijiita Abd al-Karim, alisafiri na watu kama Muhammad al-Gatroni wa Fezzan, akajifunza Kihausa na Kikanuri njiani kutoka kwa walewale aliofuatana nao. Alipofika Agadez, Oktoba 1850, masikio yake yalikuwa yamekwisha kufunguka. Alitambua kwamba lugha iliyosemwa mjini humo ilikuwa na udugu na Kisonghay cha Timbuktu, mji ulioko mbali sana upande wa magharibi, na hivyo akapata habari ya kihistoria ambayo hakuna gofu lingaliweza kumpa. Kati ya Septemba 1853 na mwaka uliofuata alikaa Timbuktu chini ya ulinzi wa Shehe Ahmad al-Bakkai. Alirudi London Septemba 1855, na mabuku matano ya safari zake yakatoka mwaka 1857 na 1858.

Kazi yake ya mwisho, iliyochapishwa kwa sehemu kati ya 1862 na 1866, ilikuwa mkusanyo wa msamiati wa lugha tisa, miongoni mwazo Kikanuri, Kiteda, Kihausa, Kifulfulde na Kisonghay. Barth alifariki Novemba 1865, kabla ya kuimaliza. Katika mwaka uleule wa 1850 ambamo yeye alipotea Idinen, Ludwig Krapf, aliyekaa Rabai, alichapisha msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki. Hao wawili walikuwa na makusudi mbalimbali kabisa, lakini kila mmoja aligundua kwamba aliyeingia bara bila ya lugha alikuwa ameingia usiku.

Kuna mtu mwingine anayestahili kutajwa hapa, naye ni Dorugu, kijana Mhausa aliyekuwa mtumwa na akapewa uhuru na Overweg. Baada ya kifo cha Overweg alimtumikia Barth, akavuka naye Sahara mwaka 1855 mpaka Ulaya. Huko Uingereza alimsimulia J. F. Schön, mtaalamu wa Kihausa, habari za maisha na safari zake kwa lugha yake mwenyewe, na masimulizi hayo yakachapishwa mwaka 1885 katika kitabu kiitwacho Magana Hausa. Kwa hiyo njia ile ya jangwani imeelezwa pia na Mwafrika aliyeipita. Inashangaza kwamba wanaomnukuu Barth ni wengi na wanaomnukuu Dorugu ni wachache, ilhali walipanda ngamia katika msafara mmoja.

Karne moja baadaye, mwaka 1956 na 1957, Mfaransa Henri Lhote aliongoza kundi la wachoraji katika Tassili n'Ajjer, upande wa Algeria, akiongozwa na Mtuareg Jebrine. Matayarisho yake yalikuwa makubwa, na nakala zake zilipoonyeshwa Paris ziliwashangaza watu. Lakini ili rangi zing'ae na kunakilika, kundi lake lililowanisha picha kwa maji, na zikaharibika. Picha moja kubwa ya mahali paitwapo Jabbaren aliibandika jina la mungu wa sayari ya Mars, nalo likaenea duniani. Jina la mahali penyewe hufasiriwa kuwa majitu, nalo halijitengi na neno la Kiarabu lililozaa jabari ya Kiswahili. Watu wa nchi walikuwa wamekwisha kuitazama picha ile na kuipa maelezo yao kabla mgeni hajaleta ya kwake.

Tassili iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1982, na Acacus mwaka 1985. Kwa muda wasafiri wa kutembea kwa miguu na mizigo mgongoni walimiminika, na Watuareg wengi wakapata riziki kwa kuwaongoza. Mwaka 2003 Wazungu 32 walitekwa nyara katika jangwa la Algeria. Mwaka 2009 baadhi ya picha za Acacus zilipakwa rangi na mharibifu. Mwaka 2011 vita vikazuka Libya, na mwaka 2016 Acacus ikawekwa miongoni mwa mahali palipo hatarini. Mwamba wa Telizaghen uko katika uwanda wa Messak, ambako barabara na uchimbuzi wa watafutaji mafuta umeharibu mabaki mengi ya kale. Barth aliliandika jina la bonde hilo Telisaghe, akitia alama juu ya irabu ili kuonyesha mkazo kama alivyousikia kwa wasemaji, na ramani za baadaye zimeliandika kwa tahajia nyingine mbalimbali.